Mama mkwe alinizungusha makanisa ya misheni ya zamani wiki nzima, na kila kanisa anaingia uvunguni mwa mabenchi

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio nyumbani na sisi wa ughaibuni.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, likizo ya Desemba iliyopita. Mke wangu amekisoma kabla sijakipost, kwa hiyo hata ningetaka kuongeza chumvi nisingepata nafasi.

Niwaambie mapema: nilichoka. Sijawahi kuchoka vile hata kazini.

Kwa wasionijua, mimi ni Msambaa wa Lushoto. Naishi Kensington, mashariki ya Johannesburg, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Kazi yangu ni kufunga dari za gypsum. Mke wangu, Furaha, ni Mkongo wa Likasi, kule Katanga. Ni msusi, ana kiti chake kwenye saluni moja Hillbrow. Tuna binti mmoja wa miaka tisa, Imani. Kiswahili anakisikia vizuri kabisa, ila ukimuuliza kitu kwa Kiswahili anakujibu kwa Kizulu.

Sasa huku Afrika Kusini, ikifika katikati ya Desemba, watu wote wa ujenzi tunafunga mpaka Januari. Ndiyo likizo yangu pekee ya mwaka. Plan yangu ilikuwa moja tu, kulala.

Desemba hiyo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Likasi. Mama wa miaka sitini na nne, mwembamba, mpole, mtu wa kanisa. Wiki ya kwanza hakuwa na neno. Anapika, anasali, anamsuka Imani, basi.

Wiki ya pili, asubuhi moja nakunywa chai, akanisogelea na simu.

"Papa Imani, umeona hii?"

Ilikuwa video ya watalii huko Marekani, California, wanatembelea makanisa ya misheni yaliyojengwa na Wahispania zamani. Kuta nyeupe, kengele juu, watu na kofia zao wanapiga picha.

"Batu banaenda vacances kuangalia makanisa," akasema, yaani watu wanaenda likizo. "Na miye ni mutu."

Nikamweleza kwa heshima kwamba hiyo ni Marekani, viza yake ni habari nyingine, na huku kwetu Wahispania hawakufika kujenga.

Akafikiri kidogo. "Na hapa hakuna makanisa ya misheni ya zamani?"

Wakuu, hapa ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Ningesema tu sijui. Badala yake mdomo ukasema, "Yapo tele, mama. Hasa huko KwaZulu-Natal, wamonaki walijenga mengi."

Macho yake yakawaka. Sasa naelewa kwamba jibu hilo alikuwa nalo kabla hajaniuliza.

Nikamkimbilia Furaha aniokoe. Akanijibu huku anachambua rasta, "Desemba hii niache kiti changu, wateja wote wanataka kusuka kwa ajili ya Krismasi? Mpeleke mama. Si uko likizo?"

Ndiyo ikawa hivyo. Mimi na mama mkwe, wawili tu, kwenye bakkie yangu, yaani pickup. Viti viwili vya mbele.

Kwa wasiojua mambo ya ukwe: mababu zangu wasingekaa hata chumba kimoja na mkwe wao. Mimi nimekaa naye bega kwa bega kilomita mia tano na zaidi. Muziki huwezi kuweka. Kukohoa unakohoa kwa adabu. Na yeye kila nikiyapita malori ya barabara kuu ya N3 anaanza rozari upya.

Ila nimeruka. Turudi nyuma, maana tulianzia hapa hapa Joburg.

Alhamisi nilimpeleka kwenye kanisa moja la mawe hapa mjini, la zamani kiasi. Nilikuwa na matumaini kwamba akiliona hilo moja kiu itakata na mimi nitarudi kitandani.

Mlinzi akatufungulia. Nikajua sasa mama ataangalia madirisha ya vioo vya rangi, ataangalia altare, tutapiga picha.

Hakuangalia dirisha hata moja.

Alienda benchi la mwisho nyuma, akapiga goti, akawasha tochi ya simu, akainama mpaka shavu likagusa sakafu. Akatazama uvunguni. Akanyanyuka, akaenda benchi linalofuata. Akainama tena.

Mlinzi akaniangalia. Nikamwangalia mlinzi.

"What did she lose?" akaniuliza.

Nikamwambia hereni. Ni uongo wa kwanza niliosema ndani ya kanisa tangu nipate kipaimara, na haukuwa wa mwisho safari ile.

Alipomaliza mabenchi yote akajifuta vumbi magotini. Akasema, "Haiko yenyewe. Twende."

"Yenyewe ipi, mama?"

"Twende, papa."

Ijumaa tukashuka KwaZulu-Natal. Ukungu, malori, mvua ya mawe pale milimani, na mama na rozari yake. Tulifikia nyumba ya wageni ya masista, vyumba safi, supu ya moto. Hapo sina malalamiko.

Jumamosi, kanisa la pili. La matofali mekundu, mnara mmoja mrefu, limejengwa bondeni. Kiukweli ni kanisa zuri, na mimi nimezaliwa karibu na makanisa ya Wajerumani kule Lushoto, si mtu wa kushangaa makanisa.

Tatizo, kulikuwa na harusi.

Nikasema, mama, tusubiri nje. Kugeuka, hayupo. Kashaingia.

Watu wanaimba, bibi harusi yuko mbele, na mama mkwe wangu yuko safu za nyuma, kainama kati ya miguu ya wageni na tochi. Akifika kwa mtu anamgusa kifundo cha mguu, anamwomba asogeze kiatu. Na watu wanasogeza! Walidhani ni bibi wa upande wa pili. Upande wa bwana harusi walidhani ni wa bibi harusi, na upande wa bibi harusi vivyo hivyo.

Mimi nimesimama mlangoni na tisheti ya kazini, jasho linanitoka.

Mwishoni tukalazimishwa kula. Mama akacheza kidogo na akina mama wa pale, akapakuliwa nyama mara mbili. Aliporudi kwenye gari nikamwuliza, "Vipi, mama?"

"Nyama ilikuwa muzuri. Kanisa haiko yenyewe."

Usiku ule nilimpigia Furaha. Nikamwambia mama yako anaingia uvunguni mwa mabenchi. Akacheka. Nikamwambia sitanii. Akasema labda ana ahadi na Mungu, ni mambo ya wazee, mvumilie. Ni rahisi kuvumilia ukiwa Joburg.

Jumapili misa mbili. Sina la kusema.

Jumatatu ndiyo siku niliyopasuka.

Kanisa la tatu liko juu ya kilima, barabara ya vumbi, na mvua ilinyesha usiku, kwa hiyo si vumbi tena, ni tope. Bakkie imeteleza mara mbili. Tumefika saa nne asubuhi, kanisa limefungwa.

Mama mmoja wa jirani akatuambia kwa Kizulu kwamba mwenye ufunguo ameenda mjini, anarudi now-now.

Mlioishi huku mnaijua now-now. Inaweza kuwa dakika tano. Inaweza kuwa wiki.

Saa tano. Saa sita. Mvua ikarudi. Saa saba. Tumekaa ndani ya gari, vioo vimejaa mvuke. Nikasema, "Mama, twende tukale, tutarudi."

"Wewe enda. Miye nabaki hapa."

"Na mvua hii?"

"Nabaki."

Saa nane na nusu uvumilivu ukaisha, wakuu. Nasema ukweli, na sijivunii. Nilipiga usukani kwa kiganja mpaka honi ikalia.

"Mama, mimi ni mkwe wako na ninakuheshimu. Lakini nimechoka! Siku tano nawaongopea watu kwamba umepoteza hereni. Masikio yako hayana hata tundu! Niambie leo tunatafuta nini, au nawasha gari narudi Johannesburg."

Nikasikia aibu inapanda kutoka miguuni. Kwetu mtu akimpazia sauti mama mkwe wanakalisha kikao.

Hakukasirika. Alifungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki wa mkate, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake karatasi. Barua, imekunjwa mara nne, kwenye mikunjo imechanika na kubandikwa gundi ya karatasi.

Akaanza kusimulia huku anaangalia kioo cha mbele, si mimi. Nitaandika kwa Kiswahili changu ili wote muelewe.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, Deogratias, wanamwita Deo. Mama yao alikufa Deo akiwa mdogo, kwa hiyo yeye dada ndiye aliyemlea. Baba yao alikuwa fundi seremala, alimfundisha Deo kazi.

Deo akampenda msichana anaitwa Henriette. Henriette alikuwa Mkasai, yaani asili yake ni mkoa wa Kasai, na familia yake ilihamia Likasi kwa ajili ya kazi za migodi na reli tangu zamani.

Miaka ile, kabla ya vita, kule Katanga watu waliambiwa Wakasai waondoke warudi kwao. Majirani wakawageuka majirani. Familia zikalala stesheni na magodoro yao, wakisubiri treni. Ya Henriette ilikuwa mojawapo.

Deo akasema anamfuata.

Dada mtu akasimama mbele ya ukoo mzima na kumwambia: ukimfuata Mkasai, usirudi tena kwenye nyumba hii.

Deo alikwenda stesheni. Treni ilikuwa imeshaondoka. Na nyumbani hakurudi. Alivuka Zambia, akaja kusini, basi.

"Alifanya vile nilisemaka," mama akaniambia. "Nilisema asirudi. Hakurudi."

Zaidi ya miaka thelathini, wakuu. Furaha alikuwa mtoto mchanga. Alikua akiambiwa mjomba wake alifia safarini.

"Na hii barua?" nikauliza.

"Si yangu. Aliandikiaka Henriette."

Deo alimpa dereva wa lori, dereva akampa mwingine, ikafika Kasai baada ya muda mrefu. Henriette alikuwa ameshaolewa. Akaiweka. Baadaye sana akafiwa na mume, akarudi Likasi kwa mwanawe, na akajiunga na kwaya ya parokia. Kwaya hiyo hiyo ya mama mkwe wangu. Sauti ya pili, wanasimama bega kwa bega.

Miaka kadhaa waliimba pamoja, na hakuna aliyetaja jina la Deo. Mwaka jana baada ya mazoezi Henriette akamkabidhi barua. Akamwambia, "Mutafute ndugu yako. Miye nilishasameheaka, lakini yeye sijui."

Nikaomba niisome. Mstari wa kusema yuko wapi ulikuwa mmoja: niko Afrika Kusini, kwenye misheni ya zamani ya wamonaki, kanisa la matofali mekundu lenye minara miwili, natengeneza mabenchi, nayafunga kama baba alivyonifundisha.

Baba yao hakutumia misumari chini ya benchi. Alipiga vijiti vitatu vya mbao, vimekaa pembetatu kama mafiga. Ndicho mama alichokuwa anatafuta na tochi.

Sasa hapa nataka mnielewe. Nilimwonea huruma, ndiyo. Lakini hasira nazo zilikuwepo palepale.

Kwanza, mtu gani anaandika rangi ya tofali na haandiki jina la kijiji?

Pili. "Mama," nikasema, "barua inasema minara miwili. Kanisa la Joburg halina hata mnara mmoja! La Jumamosi lina mmoja. Hili hapa, mmoja. Tuliingia uvunguni kufanya nini?"

"Nilisema, mutu anaweza kusahau kuhesabu."

"Ungeniambia Alhamisi ningepiga simu parokia zote tukiwa nyumbani tunakunywa chai!"

Ndipo akanigeukia. "Na ningekuambia nini, papa? Kwamba bibi ya mutoto wako alikuwa mutu wa roho mubaya?"

Nikafuta mvuke kwenye kioo kwa mkono wa tisheti.

Mwenye ufunguo akafika saa tisa na nusu, mzee na mwavuli, hana habari. Nikamwuliza kwa Kizulu changu cha site za ujenzi: baba, unajua kanisa la minara miwili, matofali mekundu?

"Yebo. Nyuma ya mlima ule. Kama saa moja hivi."

Mnadhani tuliondoka? Mama alisema kwa kuwa mlango umefunguliwa, tuangalie. Na mimi nikapiga goti, wakuu. Yeye upande wa kushoto, mimi wa kulia. Misumari mitupu.

(Naona huko chini kuna mkuu ameuliza kwa nini sikumtafuta Deo mtandaoni. Mkuu, hadi Jumatatu saa nane na nusu mchana mimi nilikuwa natafuta hereni.)

Jumanne asubuhi tukafika. Minara miwili, unaiona tangu barabarani. Mama aliponyamaza na rozari nikajua ameiona.

Mtunza kanisa pale anaitwa mzee Mkhize, mtu mrefu, ana funguo kiunoni kama za gereza. Akatufungulia, akabaki mlangoni.

Mama alianza safu ya nyuma. Ya kwanza, ya pili. Mimi nilianzia mbele. Kukawa kimya, nikasikia tu nguo yake ikiburuzika sakafuni. Halafu sikusikia kitu.

Nikageuka. Amelala chali chini ya benchi, miguu imetokeza, haitikisiki.

Nilikimbia nikijua nimemuua mama wa mke wangu. Nimefika, nimeinama, macho yako wazi. Tochi imeanguka pembeni. Kidole chake kinagusa vijiti vitatu, kimoja kimoja, anarudia.

"Njo yenyewe," akasema. "Papa Imani, njo yenyewe."

Alikaa pale chini muda. Sikumharakisha. Na mimi nikakaa sakafuni.

Mzee Mkhize akaja kuona kulikoni. Nikamwuliza kama anamjua fundi aliyetengeneza mabenchi haya, Mkongo, anaitwa Deo.

Akacheka kwa sauti. "uDeo? Rafiki yangu yule! Amekaa hapa miaka mingi. Ameoa binti wa hapa, ni ndugu yangu kwa mbali. Mke alipofariki akawafuata mabinti zake, wanafanya kazi Joburg. Ananipigia kila Pasaka."

"Joburg wapi?"

"Yeoville."

Wakuu.

Yeoville.

Kutoka mlangoni kwangu Kensington mpaka Yeoville, ukikuta robot, yaani taa za barabarani, zote ni kijani, ni dakika kumi. Ukikuta nyekundu, kumi na tano. Mimi nimeendesha wiki nzima, nimeteleza kwenye tope, nimekula harusi ya watu nisiowajua, na mtu yuko Yeoville.

Nilitoka nje nikazunguka kanisa mara moja peke yangu, nikiongea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mzee Mkhize akatupa namba. Nikampa mama simu. Akaisukuma.

"Hapana. Kwa simu atakata. Na neno langu si la simu. Nilisemaka mbele ya batu, nitasema mbele ya macho yake."

Tukarudi Joburg. Njia nzima hakusali. Alikuwa anachezesha midomo, kama mtu anayejipanga kwenda kwenye interview.

Jumatano asubuhi nikampeleka. Furaha alichukua nusu siku akaja nasi. Alikuwa ameshaambiwa jana yake, na alikuwa amekasirika kiasi kwamba alikaa nyuma ya bakkie, juu ya mifuko ya gypsum, kuliko kubanana mbele na mama yake.

Mzee Mkhize alikuwa ametuelekeza kwa simu mpaka kwenye gereji nyuma ya nyumba moja. Mlango umefunguliwa nusu. Ndani kuna mtu wa karibu miaka sitini, kipara, miwani, anapiga msasa ubao wa kitanda cha mtoto. Redio iko chini chini.

Mama akasimama mlangoni. Hakuingia.

Yule seremala akainua kichwa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akazima redio.

"Nani alikuonyesha hapa?"

"Mabenchi yako," mama akasema.

Mzee akarudi kupiga msasa. Taratibu, kama vile anahesabu. Sisi tumesimama. Furaha alinishika mkono mpaka ukauma.

"Ulisema nisirudi," akasema bila kutazama.

"Nilisema."

"Mbele ya baba."

"Mbele ya baba. Mbele ya wote. Nilikoseaka, Deo. Nilikosea kwako, nilikosea kwa ile binti na kwa batu yake bote. Nimekuja kusema hivyo, na sina neno lingine."

Msasa ukasimama.

"Henriette?"

"Eko muzima. Njo alinipatia barua yako."

"Ilifika?" Hapo sauti yake ilibadilika. "Aliisoma?"

Mama akatoa ule mfuko wa mkate. Akamwonyesha karatasi, ile mikunjo iliyochanika na kugundishwa. "Angalia namna imechakaa. Mutu hachakazi barua bila kuisoma."

Mzee aliichukua. Akakaa juu ya gunia la maranda, na akakaa vibaya, karibu aanguke. Hakusoma. Aliishika tu, akawa anapitisha kidole kwenye ile gundi.

Tulisubiri. Mimi nilikuwa nataka kukohoa na sikukohoa.

Mwisho akasema, "Dada, siwezi kukwambia imeisha."

"Sikukuja uniambie imeisha."

"Basi umesema."

"Nimesema."

Akamwangalia. Halafu akaniangalia mimi, akamwangalia Furaha, akauliza kwa Kiswahili kilichojaa Kizulu na Kiingereza, "Eish. Mmekula?"

Tulikula pap, ugali wa huku, na maharage palepale, kwenye meza isiyo na miguu bado, ameiegesha juu ya vigogo. Hakuna aliyelia isipokuwa mimi, na nilisema ni vumbi la msasa.

Sasa msije mkadhani baada ya hapo ilikuwa furaha tupu. Mama alibaki nasi wiki mbili zaidi. Mjomba alikuja mara mbili tu. Mara ya kwanza alikaa saa moja, akanywa chai, akaondoka bila kumwangalia dada yake vizuri. Mara ya pili walibishana mchana mzima kuhusu gundi aliyotumia baba yao, kama ilikuwa ya mifupa ya ng'ombe au ya ngozi. Walipandishiana sauti mpaka Imani akatoka chumbani. Mimi nilitaka kuamua ugomvi, Furaha akanivuta shati, akaninong'oneza niwaache.

Furaha naye alimnunia mama yake siku tisa. Siku ya kumi akamsuka. Walikaa saa nne, mmoja kwenye kiti, mmoja nyuma yake, na sijui walichoongea kwa sababu nilifukuzwa nyumbani.

Mabinti wa mjomba wametuletea picha za mama yao. Hawajui Kiswahili hata neno. Mama mkwe hajui Kizulu. Walikaa sebuleni wanashikana mikono tu, Imani anatafsiri anavyotaka yeye.

Mama amesharudi Likasi. Neno "nimekusamehe" mjomba hajalisema, na mama hajaliomba.

Nilichojifunza, na ndicho kilichonifanya nikae chini niandike: mzee akikuomba umpeleke mahali ambapo huoni maana yake, usicheke, na usiseme ni mambo ya wazee. Mwulize anakwenda kufanya nini. Asipojibu, mwulize tena, kwa upole, ukiwa bado nyumbani na gari halijawashwa. Mimi niliuliza siku ya tano, kwa honi, na naona aibu kila nikikumbuka. Kama ningeuliza vizuri, huenda angenijibu mapema. Au huenda asingenijibu kabisa. Sijui.

Na kabla sijawaachia uwanja, nina shida ya kweli.

Jumamosi iliyopita mjomba Deo amekuja kwangu bila kualikwa. Kaizunguka bakkie, kapiga teke tairi moja moja, kafungua boneti, kafunga. Kisha akaniuliza kama inaweza kufika Likasi.

Nikamwuliza anakwenda kufanya nini. Mnaona, nimejifunza.

Akasema anataka kuona kaburi la baba yake. Nikamwambia sawa. Akasema si kwa sababu nyingine yoyote. Nikamwambia sijauliza sababu nyingine. Akasugua kioo cha pembeni kwa kiwiko, halafu akauliza eti mazoezi ya kwaya ya parokia kule huwa ni siku gani.

Likizo yangu ijayo ni Desemba, wakuu. Nilipanga kulala.

Waliowahi kuendesha gari kutoka Joburg kupita Zimbabwe na Zambia mpaka Katanga, mpaka upi una foleni ndogo na barabara ikoje mwezi huo? Na wenye wakwe kama wangu, karibuni mtoe ushuhuda, nisijione niko peke yangu.